Nguo Iliyokunywa Bahari

Aliye na chai mkononi aiweke chini kwanza. Sitaki lawama za mtu kupaliwa.

Nimeona watu wakisalitiwa na waume, na marafiki, na hata na punda. Mimi, mchana kweupe, ufukweni Diani, mbele ya umati, nilisalitiwa na nguo.

Nguo niliyoivaa mwilini ilianza kunywa bahari.

Sisemi ililowa. Kulowa ni adabu ya kila nguo ikiingia majini. Hii yangu ilikunywa. Ilikunywa kama ngamia aliyefika kisimani baada ya safari ya jangwa.

Kila nikitupa mkono mbele, tumbo linavutwa chini, kana kwamba kuna mtu huko chini amenishika pindo ananiambia, "Hebu rudi tuzungumze."

Na mtu huyo alikuwepo, jamani. Ila hakuwa chini.

Alikuwa mbele yangu, anaogelea.

Naitwa Muhsina. Ni mzaliwa wa Msambweni. Mdomo wangu pia ni mzaliwa wa hapo hapo, ila wenyewe umetembea zaidi yangu. Kidato cha nne nilimaliza, nikapata alama ambazo mama huzitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa.

Baada ya shule nilipata kibarua katika kituo kimoja cha michezo ya majini Diani. Kuosha mbao, kukunja makaiti, yale matiara makubwa ya kuvutwa nayo majini kwa upepo, kuwaambia wageni kwamba kiwavi wa baharini hang'ati ila wasimbusu.

Bahari naipenda. Nilijifunza kuogelea kabla sijajua kufunga leso vizuri.

Siku moja kocha wetu, Kahaso, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwadhini, akatukusanya.

"Kina mama wa hapa wanataka watoto wao wa kike wafundishwe na mwanamke," alisema. "Nafasi ni moja. Tutamsomesha mpaka apate cheti cha ualimu. Kutakuwa na mtihani, na kila msichana wa Kwale anaruhusiwa kujaribu."

Nafasi moja. Mwalimu. Cheti.

Wallahi nilihisi miguu inataka kukimbia bila mimi.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Nusra.

Nusra ni binamu yangu, mtoto wa mjomba Mbwana, ndugu wa mama yangu. Ana cherehani Ukunda, katika kibanda nyuma ya soko. Anashona sare za shule, magauni ya harusi, na mapazia ya watu wasiotaka kuonekana wanakula.

Sasa kwa wasiotufahamu: sisi kwetu mabinamu ni watani. Utani wetu si wa kuulizana, "Vipi, uko poa?" Ni wa kutukanana mbele ya watu, kwa mapenzi, kuanzia siku mnapoota meno. Binamu yako anaweza kuingia kwenu akachukua sahani yako ya wali, akala, akakurudishia mifupa, nawe ukamshukuru.

Na sheria ya utani ni kwamba anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Mimi na Nusra tulikuwa mabingwa. Watu walikuwa wakiacha kazi kutusikiliza.

"Nusra, nataka nguo za mtihani," nilimwambia.

"Za kuogelea? Kwa umbo hilo nitashona hema."

"Shona hema, wewe utakuwa kigingi."

Akacheka mpaka akadondosha mkasi. Kisha akachukua futi ya kupimia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mtu asiyejua hudhani nguo ya majini ni nguo ya majini tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nikiogelea na tisheti ya kaka yangu Ishak, ile ya kampeni, uso wa mgombea umevimba kwa maji mgongoni mwangu.

Mtihani ulikuwa na mambo matatu: ubao wa kusimama na kasia, kuogelea, na kaiti. Na mambo haya, jamani, ni kama wake wenza. Anachokipenda huyu, yule hataki kukiona.

Kuogelea kunataka nguo ikugande kama mkwe mwenye shida. Pasiwe na pindo la kupepea, wala mfuko, wala mahali popote maji yanapoweza kukaa kupiga soga. Kofia ya stara ishonewe shingoni isije ikakimbia kichwa. Maji yakiingia, yapite yaende zake.

Ubao ni jambo lingine. Umesimama juani, mikono inapanda na kushuka na kasia. Nguo ikikubana kwapani utapiga kasia kama kuku aliyefungwa mbawa. Hapo unataka nafasi mabegani, kitambaa chepesi, na shingo ndefu ya kukinga jua.

Kaiti ndiye mwenye makuu. Unafungwa mkanda mpana mgumu kiunoni, kaiti inavuta mkanda, upepo unavuta kaiti, nawe unaburutwa. Blauzi ikiwa fupi, mkanda unaipandisha mpaka watu wa Vanga wanakiona kitovu chako. Kwa hiyo inashonwa ndefu, inaunganishwa na suruali kwa ndani, na mgongoni panawekwa kitambaa kizito ili mkanda usikuchubue. Na rangi iwe kali. Ukipotea kwenye mawimbi, mwenye boti atafute waridi, asitafute bluu ndani ya bluu.

Haya yote hatukuyajua siku moja. Nilikuwa navaa, naingia majini, narudi kibandani kwa Nusra nikiwa na malalamiko.

"Kwapani panakata."

"Panakata, au una kwapa la kujidai?"

"Panakata, mke wa chura."

"Vua nirekebishe, mama kiboko."

Anafumua, anashona upya. Narudi tena. "Zipu inanichoma shingo." Anaihamisha mgongoni. "Lastiki ya mguuni inaacha alama." Anaibadilisha. Kila nililolilalamikia, alilitengeneza.

Nilijiona nimebarikiwa. Fundi anayekusikiliza namna ile hapatikani hata kwa maombi.

Siku moja akaniambia, "Nifundishe kuogelea."

Nikamwangalia kama mtu aliyeniomba nimfundishe kuruka.

"Wewe? Wewe beseni tu linakushinda."

"Mshona magauni huenda harusini akaona nguo inavyokaa ikichezewa," alisema. "Mimi nashona nguo ya bahari, na bahari nimeiona kwenye kalenda."

Neno likanigusa. Nikasema huyu ni fundi wa kweli.

Basi tukawa tunakutana Msambweni asubuhi, wavuvi wakishusha samaki. Nilimfundisha kupumua, kuelea, kukata maji kwa mkono bila kuyapiga kofi. Alikuwa akivaa nguo zangu zile za majaribio, maana mwili wetu ni mmoja. Tangu utotoni gauni la Idi likimbana yeye, limenibana na mimi.

Alishika haraka. Haraka mno. Nilijisifu kwa watu wote.

"Nimelifundisha jiwe kuelea," nilikuwa nasema.

Naye anacheka.

Ikaja harusi ya binamu yetu mwingine, Muzammil. Siku ya hina wanawake tulijaa ukumbini kwa nyanya yetu, Bimkubwa, nyanya mzaa mama kwangu, mzaa baba kwa Nusra. Nusra alikuwa amekaa chini ananichora mguu.

Akanyanyua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Muhsina, siku ya mtihani nitakushonea nguo ya kukuzamisha, kisha hiyo kazi nitaichukua mimi."

Ukumbi mzima ukalipuka. Vigelegele. Bimkubwa akapiga goti lake kofi.

Mimi ningekubali kushindwa? Mimi?

"Nikizama," nikajibu, "hitima yangu iwe na biriani. Pilau nimeichoka."

Wanawake wakaanguka. Kuna shangazi aliyetolewa nje apate hewa.

Nusra naye alicheka. Lakini nakumbuka alirudi kuinama kwenye mguu wangu haraka, na ua alilokuwa akilichora lilitoka limepinda.

Siku nyingine, kibandani, aliniuliza bila kuniangalia, "Ukiambiwa kwamba kazi ile ni yangu, utasemaje?"

"Nitasema ni yako. Bahari pia ni yako. Na samaki nitawaambia wakupigie saluti."

 Akakanyaga cherehani, na cherehani ikaanza kupiga kelele zake.

Nguo zikaisha. Zote tatu nilizijaribu. Ile ya kuogelea, mwanangu we, nilipoingia nayo majini nilijihisi nimepakwa mafuta. Nilipita ndani ya maji kama siri inavyopita kwa majirani.

Jioni ya kuamkia mtihani Nusra akaja nyumbani mbio.

"Nipe ile ya kuogelea nikaipige ovaloki upya. Mshono wa ubavuni siuamini."

Nikampa.

Akairudisha kabla ya Isha. Rangi ile ile ya kijani cha bahari, mishono ile ile, ila nilipoishika ilikuwa laini zaidi kwa ndani.

"Nini hiki?"

"Bitana," alisema. "Toka kifuani hadi mapajani. Ile ya kwanza ikilowa ilikuwa inakuchora ubavu wote, Muhsina. Kutakuwa na watu pale, na wanaume, na simu. Nimekutilia stara."

Stara.

Niambieni, msichana wa Msambweni anabishana vipi na stara? Mama aliyekuwa anapita na sinia alisimama pale pale akamwombea Nusra dua. Na mimi nikaitikia amina. Kwa mdomo wangu huu huu nilimwomba Mungu amzidishie.

Sikuijaribu tena. Nguo ilikwisha jaribiwa, na fundi ni damu yangu. Ningejaribu nini?

Siku yenyewe maji yalikuwa yamejaa vizuri, bahari imelala. Watu walikuwa wengi ufukweni. Mama alikuja na mwavuli, mjomba Mbwana alikuja na maneno. Nusra alikuja amevaa buibui lake jeusi, nikajua amekuja kunisindikiza.

Kocha Kahaso akatangaza, "Kila mtu akague vifaa vyake mwenyewe. Nguo yako, kasia lako, mkanda wako. Baharini hakuna cha 'nilidhani'."

Kisha akaita majina. Wasichana wa Ukunda, wa Kombani, mmoja kutoka Majoreni. Mimi. Na mwisho:

"Nusra Mbwana."

Nilicheka kwa sauti. "Huyo atazama kabla hajavua viatu!"

Watu wakacheka. Nusra akatoka mbele, akavua buibui.

Ndani alikuwa amevaa nguo ya ubao kama yangu. Rangi yangu, shingo yangu, mabega yangu yale niliyoyalalamikia mpaka yakakaa sawa.

Mnajua nilifanya nini? Nilipiga makofi.

Nilidhani ametushonea sare! Kwetu mtu akivaa sare nawe amekwambia anakupenda bila kufungua kinywa. Nikasema binamu yangu huyu, amejiandikisha kwa utani, ashindwe kwa utani, ili tu nisiwe peke yangu. Macho yakanijaa machozi. Ya mapenzi, jamani. Mjinga mimi.

Ubao ulikuwa wangu. Nilipiga kasia nikarudi wa kwanza, mabega yamelegea kama niko kitandani. Msichana wa Kombani alikuwa na blauzi ya kubana, kila akinyanyua kasia anasimama kujivuta kwapani. Nusra alirudi katikati ya kundi.

"Haya, fundi," nilimpigia kelele, "rudi kwenye cherehani!"

Yeye akaenda moja kwa moja kuchukua begi lake.

Tukabadilisha nguo. Sare tena, kijani kwa kijani. Kocha akapuliza filimbi, tukaingia majini kuelekea boya la njano.

Mwanzoni niliongoza.

Kisha nikahisi tumbo zito. Nikasema ni mihogo ya asubuhi. Nikaongeza mikono. Mapaja yakawa mazito. Nikapiga miguu, na miguu ikawa kama ya mtu mwingine, mtu mvivu.

Bitana ilikuwa inakunywa. Kifuani ilikuwa imevimba, mapajani imejaa kama mikate ya kumimina, na maji hayakuwa na pa kutokea kwa sababu kitambaa cha nje kilikuwa kimebana vizuri. Kazi nzuri. Mshono hata mmoja haukuachia.

Nusra akanipita.

Alinipita ubavuni, karibu kiasi kwamba nililiona jicho lake. Alikuwa anapumua vile nilivyomfundisha. Mkono wake ulikuwa unakata maji bila kuyapiga kofi.

Na nguo yake ilikuwa inateleza. Hapo ndipo nilipoitambua. Ubavuni palikuwa na mshono mdogo uliorudiwa, pale nilipowahi kujichana kwenye mwamba nikiwa kwenye majaribio.

Ile ilikuwa nguo yangu.

Nilifungua kinywa nimwite, bahari ikaingia.

Kutoka ufukweni nilisikia kijana wa picha, wa kutoka bara, akipiga kelele, "Manze, huyo dem anazama! Msaidieni!"

Rai, mlinzi wa majini, alinifikia na ubao wake. Alinishika kwapa akanivuta, akaguna.

"Muhsina, umekula nini?"

Nilikuwa nakohoa. Ningekuwa na pumzi ningemjibu.

Mchangani kocha Kahaso alinizungushia leso. Mama alikuwa analia huku anasoma Ayatul Kursi. Kocha akashika upande wa nguo yangu akaukamua. Maji yakamwagika kama ametoboa dafu.

"Nani kakutilia taulo ndani?"

"Si taulo. Ni bitana."

"Bitana ya pamba," alisema. Akakamua tena, maji mengine. "Binti, umevaa godoro."

"Kocha, nipe nafasi nyingine. Nguo si yangu, yangu ile kavaa—"

"Uliikagua?"

Nikaiangalia ile bitana.

"Sikuadhibu," alisema, na sauti yake ya mwadhini ilikuwa imeshuka. "Lakini aliyeokolewa leo siwezi kumpa watoto wa watu kesho awaokoe. Sheria hiyo siwezi kuipinda, hata kwako."

Upepo ulipoamka, kaiti niliitazama nikiwa nimekaa kwenye mchanga. Hawakutaka mtu apae. Walitaka uburutwe na upepo, usipoteze akili, urudi na mkanda wako. Msichana wa Majoreni blauzi ilimpanda mpaka kifuani, akaachia kila kitu ajifunike. Nani angemlaumu?

Nusra alipoburutwa, blauzi yake haikusogea hata kidogo. Ndefu, imeunganishwa kwa ndani, waridi kali, inaonekana toka mbali.

Yote niliyoyalalamikia. Yote yamekaa sawa, kwake.

Kumbe mimi nilikuwa mwanasesere wa dirishani. Anavishwa, anavuliwa, wanaonunua ni wengine.

Nafasi alipewa Nusra.

Alinifuata kwenye mabomba ya kuogea. Nilikuwa nimeivua ile nguo, imelala sakafuni, bado inatoa maji.

"Ulinishonea godoro," nilimwambia.

"Nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Siku ya hina. Nilikuambia nitakuzamisha nichukue kazi. Mbele ya watu wote."

"Ule ulikuwa utani!"

"Wewe ndiye uliyesema ni utani." Akafunga bomba lililokuwa linadondoka. "Muhsina, nilikuwa nakuambia ili unizuie. Ungeniuliza mara moja tu, 'Nusra, unasema kweli?' ningeacha. Haki ya Mungu ningeacha. Ukaniagiza biriani."

Nikaipiga teke ile nguo, ikamwaga maji mengine. 

"Unajua kila siku ulikuwa ukija kwangu na kazi hiyo kama vile imeandikwa jina lako?" aliendelea. "Hukuwahi kuniuliza mimi nataka nini. Ulidhani nimezaliwa na cherehani kiunoni. Siku ile ya kwanza ulipoachia mkono wangu nikaelea peke yangu, sikutaka tena kurudi kibandani. Wewe ulinifundisha. Kisha ulicheka."

"Si ungeshindana nami kwa haki! Ningezama mimi. Ningekufa, Nusra."

"Usingekufa." Akainamisha macho kwenye ile nguo. "Niliipima. Niliilowesha kwenye beseni nikaivaa nikapanda ngazi nayo. Nilijua itakuchosha kabla ya boya, na kwamba Rai angekaa na ubao wake pale. Nilipima vizuri."

Alipima vizuri.

Kuzama kote kule hakukuniuma kama maneno hayo. Aliketi, na futi yake shingoni, akakata kitambaa cha kunichosha kwa kadiri. Kama mtu anavyopima kanzu ya sikukuu.

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kwenye mabomba, njiani, na nilipofika kwa Bimkubwa nilikuwa bado napiga. Familia ikakusanywa. Mjomba Mbwana akakaa, mama akakaa, shangazi wote wa siku ya hina wakakaa.

Nikaeleza. Nikaonyesha nguo. Nikaikamua pale pale kwenye mkeka wa nyanya.

Mjomba Mbwana akakohoa. "Mwanangu Nusra amekosea kidogo, sikatai. Lakini alikutangazia. Au vipi, kina mama? Alisema au hakusema?"

"Alisema," shangazi mmoja akajibu. "Tena mimi ndiye niliyetolewa nje."

"Na Muhsina alijibu nini?"

"Biriani."

Wakaanza kucheka! Kwanza mmoja, halafu wote. Hata mama alijiziba mdomo na leso, mabega yanamcheza.

"Haya basi," alisema Bimkubwa, akipangusa machozi ya kicheko. "Wale ni watani. Mtani kamfanyia mtani wake kubwa kuliko, nami katika umri wangu sijapata kuona kubwa kama hili. Kazi ipo ndani ya ukoo, haikwenda kwa mtu baki. Muhsina amekasirika, na mtani akikasirika anatoa jogoo. Lete jogoo, tule, yaishe."

Mmesikia? Nimezamishwa, nimenyang'anywa kazi, na faini ni yangu mimi.

Mkitaka kujua maana ya kusalitiwa, si pale unapochomwa. Ni pale unapogeuka kuwaonyesha watu wako kidonda, ukakuta wanacheka.

Ijumaa baada ya swala nilipeleka jogoo. Jogoo mwekundu, mwenye kiburi. Wote walikuwepo, maana habari ya jogoo wa faini haikosi watu. Nusra alikuwa amekaa karibu na jiko na sare mpya ya kituo, jina limedariziwa kifuani.

Alinyanyuka kumpokea yule jogoo. Nikaona anatafuta mlango wa kurudia.

"Huyu jogoo," akasema, "mdomo kafanana na wewe. Tutamchemsha siku ngapi?"

Watu wakageuka kwangu. Walikuwa wamejiandaa kucheka. Bimkubwa alikuwa ameshanyanyua mkono kupiga goti.

Majibu nilikuwa nayo. Yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, mazuri, makali.

Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada Nusra."

Mimi ni mkubwa wake kwa Ramadhani moja.

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Bimkubwa ulibaki hewani.

"Muhsina," nyanya aliniita taratibu. "Usifanye hivyo, mjukuu wangu."

Yeye alielewa kabla ya wengine. Kwetu mtani hakwambii shikamoo. Mtani akikuamkia kwa heshima, amekutoa ndani akakuweka sebuleni na wageni.

"Nijibu," alisema Nusra. Jogoo alikuwa anapigapiga mbawa mikononi mwake. "Muhsina, nitukane. Niite mke wa chura."

"Nakutakia kazi njema, dada. Mungu akujaalie."

Nikavaa viatu nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia analia, na huyo jogoo naye anawika kama kalipwa.

Sasa Nusra ni mwalimu. Sitamsingizia: anafundisha vizuri, na watoto wa kike wanampenda. Nguo anawashonea mwenyewe, kila mmoja na mchezo wake, na bitana hazina. Mimi bado nakunja makaiti pale pale. Kocha Kahaso ameniambia nafasi ikipatikana tena nijaribu, na nitajaribu. Nguo nimejinunulia, na kila wiki naiingiza kwenye ndoo naikamua kama mtu anayetafuta mwizi.

Nusra hunitumia vichekesho kwenye simu. Vingine, Mungu nisamehe, vinachekesha sana. Huwa najifungia nacheka, kisha namwandikia, "Ahsante, dada."

Wadogo zangu, mtu akikuambia neno baya huku anacheka, cheka naye, sijakukataza. Mimi mwenyewe siwezi kuishi bila kucheka. Lakini ukimaliza kucheka, futa machozi, mwangalie machoni, umuulize, "Unasema kweli?"

Swali lenyewe ni dogo. Mimi sikuliuliza.

Sasa kila asubuhi namwamkia.